Filamu ya eksirei, kahawa ya Bukoba na picha kubwa za Nyakunguru

Mashine ya eksirei ya kizamani inapoondolewa hospitalini na nafasi yake kuchukuliwa na ya kidijitali, kinachosahaulika ni maboksi ya filamu. Ni maboksi bapa, mazito kuliko yanavyoonekana, kila moja na vipande mia moja ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga. Daktari hana kazi navyo tena. Lakini kwa mpiga picha anayetaka negativu kubwa, yenye sentimita 18 kwa 24, ambayo ni kubwa kidogo kuliko daftari la shule, sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachoweza kumfikisha huko.

Filamu kubwa za kawaida bado zinatengenezwa. Kampuni ya Ilford ya Uingereza hata hupokea oda za mwaka kwa ajili ya vipimo visivyo vya kawaida. Ila ukijumlisha bei ya kipande kimoja, usafiri na ushuru, mtu wa Tarime ataiweka kamera chini kabla hajaanza. Filamu ya eksirei huuzwa na wauzaji wa vifaa tiba kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo, na ukubwa wake ni ule ambao kiwanda cha picha kingeuita wa ajabu: 18 kwa 24, 24 kwa 30, 30 kwa 40, hadi 35 kwa 43.

Kazi ya kuisafisha filamu hii inawezekana nyumbani, na nyumbani ninapopazungumzia ni Nyakunguru, Wilaya ya Tarime, upande wa Nyamongo, ambako Mto Mara unatutenganisha na wenzetu wa Serengeti. Nimepachagua kwa sababu. Tangu mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, ardhi ya huku imebadilika sura kwa kasi ambayo wazazi wetu hawakuwahi kuiona. Mashimo ya Nyabirama na Gokona yanajulikana hadi kwenye masoko ya hisa ya ng'ambo. Waandishi wanakuja, watafiti wanakuja, ndege ndogo zisizo na rubani zinaruka juu, picha zinapigwa. Kisha picha zinaondoka na waliozipiga.

Jambo hili halikuanza na dhahabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Kilimanjaro na Umasaini akipiga picha za wanyama usiku kwa mwako wa unga wa magnesi. Hakutumia filamu, alitumia vioo vilivyopakwa dawa, na vioo hivyo vilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Kitabu chake kilichapwa Leipzig mwaka 1905 na kumpa sifa Ulaya nzima. Mwenzake Walther Dobbertin aliishi na kufanya kazi ya picha katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, akapiga askari, masoko, reli, mashamba na watu wa kawaida. Leo mkusanyiko wake umo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ukiwa na namba 105. Kaskazini mwa Kenya, Martin na Osa Johnson kutoka Marekani walijenga kambi kamili huko Marsabit kati ya 1924 na 1927, yenye chumba cha kusafishia filamu katikati ya pori. Kazi zote hizo zilisafishwa au kupigwa kwenye ardhi yetu, kwa maji yetu na kwa mikono iliyobeba mizigo yao. Negativu zikapanda meli.

Zanzibar ilikuwa tofauti, na ndiyo maana naitaja kwa furaha. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, mwanawe Rohit akaiendeleza, na picha za zamani za kisiwa zikabaki zikiuzwa na kutazamwa Mji Mkongwe kwenyewe. Mtu angeweza kuingia dukani akaiona Zanzibar ya babu yake ukutani. Tarime na Serengeti hatukuwa na studio ya namna hiyo. Hatujachelewa, na kifaa tunachohitaji kimelala kwenye rafu ya muuza vifaa tiba.

Wengi hudhani filamu hii inaona mionzi tu. Sivyo. Ndani ya kaseti ya eksirei kuna vibao viwili vinavyong'aa vikipigwa na mionzi, na ni mwanga wa vibao hivyo, wa buluu au wa kijani kutegemea aina, unaochora mfupa kwenye filamu. Kwa hiyo filamu imetengenezwa kuona mwanga wa kawaida, isipokuwa mwekundu. Tena imepakwa dawa pande zote mbili, ili kila upande upokee mwanga wa kibao chake na mgonjwa apigwe mionzi kidogo iwezekanavyo. Ya kifua cha mama, inayotumika kuchunguza saratani ya matiti, hupakwa upande mmoja tu. Ukiipata hiyo, shukuru. Unaponunua, uliza kwanza kama ni filamu ya kusafishwa kwa dawa ya maji. Hospitali nyingi sasa huchapa kwa printa za joto, na filamu za printa hizo hazitakufaa kwa lolote.

Na ununue. Filamu iliyomo kwenye stoo ya hospitali ya serikali ni mali ya umma hata ikiwa imepitwa na muda, na ina utaratibu wake wa kuondolewa. Iliyokwisha kutumika ndiyo usiiguse kabisa, maana ni siri ya mgonjwa.

Kwa kuwa haioni nyekundu, filamu hii husafishwa chini ya taa nyekundu. Yule anayesafisha filamu ya kawaida hufanya kazi gizani kabisa, akihesabu dakika kwa kubahatisha kilichomo ndani ya chombo. Sisi tunaangalia. Taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli inatosha, ikielekezwa ukutani. Kuijaribu ni rahisi: weka sarafu juu ya kipande kidogo cha filamu, iache chini ya taa hiyo dakika tano, kisha isafishe. Ukiona duara la sarafu limejichora, taa yako si salama. Isogeze mbali au uifunike kwa kitambaa chekundu kingine. Chumba chenyewe si tatizo huku kwetu. Tuko karibu na ikweta, na saa mbili usiku, mwezi wowote wa mwaka, giza ni giza. Blanketi dirishani, kanga chini ya mlango, na mbalamwezi imefungiwa nje.

Upofu huo wa rangi nyekundu una bei yake, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu unahusu nyuso zetu.

Ngozi ya kahawia hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa buluu. Filamu inayoona buluu na kijani peke yake huikosa sehemu kubwa ya mwanga huo, na uso hutoka mweusi kuliko ulivyo, mashavu na paji vikizama pamoja. Vioo vya zamani vilikuwa na upofu huo huo. Tazama picha za Waafrika za miaka ya 1890: sura nyingi zimefifia gizani wakati shati jeupe linawaka. Watu wamezizoea wakafikiri babu zetu walikuwa hivyo. Kwa sehemu kubwa ni kemia ya kioo, ikisaidiwa na mpiga picha aliyepima mwanga wa shati badala ya uso.

Dawa yake ni kuchagua mwanga. Wapiga picha wa simu hupenda jua la saa kumi na mbili jioni, lile la dhahabu. Kwa filamu hii ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa limejaa nyekundu na buluu imekwisha. Mchukue mzee wako asubuhi, mkalishe kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, uso ukitazama anga lililo wazi. Mwanga wa anga ni wa buluu, na filamu inaupenda. Mimi huihesabia kasi ya 50 mchana, kisha kwa uso wa mtu mweusi naongeza mwanga mara mbili. Hapo mikunjo inatokea, kovu la utotoni linatokea, na macho yanakuwa na kina ambacho simu haikipati. Shuka jekundu bado litatoka karibu jeusi, na anga litakuwa jeupe bila wingu hata kama mawingu yalikuwepo. Hayo nayakubali.

Kamera si lazima iwe ya dukani. Boksi la mbao lisilovuja mwanga, lenzi ya zamani, kioo kilichopigwa msasa cha kutazamia, na kibebeo cha filamu cha mbao nyembamba ambacho fundi seremala wa Nyamongo anaweza kukitengeneza akiona mfano. Ukilibana tundu la lenzi hadi f/45 kivulini, filamu inahitaji kama sekunde moja, mbili ukiongeza kwa ajili ya uso. Shata haina kazi tena: unavua kofia ya lenzi, unahesabu, unairudisha. Wazee hutulia vizuri sana. Wanajua kukaa. Vijana ndio wanaochezesha kichwa. Ukimpiga mpiga litungu, lile litungu kubwa la Wakurya la nyuzi nane, mwombe aweke mikono juu ya nyuzi bila kupiga. Au mwache apige, mikono igeuke moshi na uso ubaki umetulia. Hiyo ya pili ndiyo naipenda.

Sasa kahawa.

Mwaka 1995 Scott Williams, mwalimu wa kemia ya picha katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester nchini Marekani, pamoja na wanafunzi wake, walionyesha kuwa kahawa inaweza kusafisha filamu. Rochester ni mji wa Kodak, kwa hiyo hawakuwa na upungufu wa dawa za dukani. Walikuwa wanatafuta kitu ambacho mtu yeyote angekipata. Kahawa ina asidi za jamii ya fenoli ambazo, zikitiwa ndani ya maji yenye soda, huweza kugeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa madini meusi ya fedha. Baadaye wapenzi wa kazi hii waliongeza vitamini C, na nguvu ikapanda sana.

Kwa lita moja ya maji: gramu 54 za soda ya kufulia iliyokauka kabisa, gramu 16 za vitamini C ya unga, gramu 40 za kahawa inayoyeyuka. Soda iyeyuke kwanza. Vitamini C ifuate taratibu kwani hutoa povu. Kahawa mwisho. Tia na gramu 10 za chumvi ya mezani ili kuzuia ukungu kwenye sehemu zisizopigwa mwanga. Joto liwe nyuzi 20, ambazo kwenye miinuko ya Tarime usiku huzipati kwa shida: mtungi wa udongo unatosha.

Katika jambo hili sisi tuna bahati kuliko Rochester. Kahawa inayofaa zaidi ni robusta, yenye asidi hizo nyingi kuliko arabika, na Kagera ng'ambo ya ziwa ndiko nyumbani kwa robusta ya Tanzania. Kiwanda cha TANICA mjini Bukoba kinatengeneza Africafe, kopo ambalo lipo kwenye kila duka la mtaa. Tarime nayo inalima kahawa, lakini yetu ni arabika, nzuri kikombeni. Soda ya kufulia ikikosekana, magadi yale yale ya kupikia maharage yana kabonati na baikabonati pamoja. Yakikaangwa kwenye kikaango kikavu baikabonati hugeuka kabonati, nguvu inaongezeka. Yachuje kwa kitambaa baada ya kuyayeyusha, maana huja na udongo, na uyajaribu kwa kipande kidogo kwanza, kwa kuwa magadi ya gunia moja hayafanani na ya gunia jingine.

Mchanganyiko huo unanuka. Fungua mlango filamu ikishaingia kwenye fiksa, dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga.

Kinachotokea ndani ya sinia nitakieleza kama ninavyokiona. Filamu imelala ndani ya maji meusi, na kwa taa nyekundu huoni ila bapa la kijivu. Unalitikisa sinia taratibu kwa kulinyanyua pembe moja, kisha nyingine. Baada ya muda kidogo, sehemu zilizokuwa angavu zaidi, anga na kola ya shati, zinaanza kuwa nyeusi. Unainyanyua filamu kwa pembe, kahawa inachuruzika, unaiangalia mbele ya taa. Uso bado haujaja. Unairudisha. Uso wa mtu huja mwisho, kwanza paji la uso, kisha daraja la pua, kisha weupe wa macho ambao kwenye negativu ni madoa mawili meusi. Ukiona umbo la uso limejitokeza hata upande wa nyuma wa filamu, basi kazi inakaribia. Filamu ya eksirei husafishika haraka, ndiyo maana macho ni bora kuliko saa.

Adui mkubwa ni mkwaruzo. Tabaka la dawa ni laini likilowa, na liko pande zote mbili, kwa hiyo hakuna upande wa kulalia. Masinia yenye mifereji chini yatakuharibia. Weka kioo laini ndani, au tumia bakuli la kioo la kuokea. Safisha kipande kimoja kwa wakati. Vaa glovu laini, kata kucha, usiguse katikati. Hospitali za zamani zilikuwa na fremu za chuma zinazobana filamu kwenye pembe nne ikaning'inia ndani ya tangi refu, na fremu hizo ukizipata zinafaa sana wakati wa kuosha, ndani ya dumu la plastiki lililokatwa juu.

Baada ya kahawa, suuza kwa maji, kisha fiksa. Hii haina mbadala wa jikoni. Inunue, ile ile ya eksirei. Filamu itaanza kuwa angavu, kisha endelea kuiacha kwa muda ule ule tena. Kuosha ndiko kunakoamua kama picha itaishi. Badilisha maji mara nyingi, ukimaliza kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, kwa sababu maji ya kisima yenye chumvichumvi huacha madoa. Ining'inize kwa kibanio cha nguo ndani ya chumba, si nje. Vumbi la kiangazi linalopita Nyakunguru likigusa filamu mbichi haliondoki tena.

Kwa anayetaka ukali zaidi, kuna kazi moja ya subira: filamu ikishakauka, ibandike juu ya kioo kwa selotepu pande zote, upande mzuri ukiwa chini, kisha usugue upande wa juu kwa pamba yenye dawa ya kung'arisha nguo, ile ya klorini, hadi tabaka lote litoke. Inabaki picha moja badala ya mbili zilizopishana. Negativu itakuwa nyepesi, kwa hiyo inapaswa kusafishwa ikolee tangu mwanzo.

Fiksa iliyotumika usiimwage. Imebeba fedha iliyotoka kwenye filamu, na fedha ni sumu kwa viumbe wa majini. Watu wa Nyamongo hawahitaji kuelezwa maana ya maji kuchafuka. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodini yaliingia Mto Tigite, na kumbukumbu hiyo bado inauma. Wachimbaji wadogo wanaoijua zebaki wanajua pia kwamba kitu kisichoonekana majini kinaweza kukaa mwilini. Weka fiksa iliyochoka ndani ya ndoo yenye mfuniko, tumbukiza waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria, uache siku kadhaa. Chuma kinayeyuka, fedha inatuama chini kama tope jeusi. Kusanya tope hilo. Wapo wanaonunua.

Wapo pia wanaoogopa kulala chumba kimoja na filamu, wakiwa wamesikia kwamba zinalipuka. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli: tarehe 15 Mei 1929 filamu za eksirei za nitrati ziliungua katika kliniki moja ya Cleveland, Marekani, na watu zaidi ya 120 wakafa, wengi kwa moshi wenye sumu. Filamu za sasa ni za plastiki ya poliesta. Hazina tabia hiyo, na poliesta ndiyo inayofanya negativu iliyooshwa vizuri itarajiwe kuishi kupita umri wa aliyeipiga.

Kuchapa hakuhitaji mashine ya kukuza. Negativu ya 18 kwa 24 ni picha kamili tayari: iweke juu ya karatasi ya picha, gandamiza kwa kioo, washa balbu sekunde chache, usafishe karatasi kwa dawa yake. Ukikosa karatasi, iweke juu ya skrini nyeupe ya tableti, uinue kidogo ili nukta za skrini zisionekane, na uipige kwa simu. Nakala hiyo mtumie mjukuu aliye Mwanza au Muscat. Negativu usimtumie mtu.

Hiyo inabaki kijijini, ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na gundi ya kunata, kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na paa linalopata joto la mchana. Katika mikusanyiko ya zamani iliyoko Ulaya, maelezo ya picha nyingi hutaja kabila au kazi na kuishia hapo: mwanamke, mpagazi, mchungaji. Kwa hiyo kabla filamu haijaingia kwenye bahasha, muulize mwenye uso na uandike kwa penseli: jina lake alilopewa na wazazi, ukoo wake, jina la mahali alipokaa, mwezi na mwaka, na aliyekuwa amesimama nyuma ya kamera. Kama kulikuwa na mlima nyuma yake, andika na jina la mlima.